Zamu ya Marehemu kwenye Meza Ndefu

Jumamosi, 3 Mei

Kinyozi kaja leo asubuhi. Kavua kofia mlangoni. "Shikamoo, Bibi." Sauti laini kama ya mtu anayetaka kukopa. Nikajua kuna jambo. Huyu alikuwa akimfuata mume wangu kila Jumamosi, anaita akiwa barabarani, na kofia hiyo hajawahi kuivua kwangu ila siku ya msiba.

Nikampa kiti, nikampa chai. Akazunguka weee. Mvua, magoti yangu, wajukuu. Mwisho akalitoa.

Pale baa ya kona wana ile meza yao ndefu. Mama Kaunta, mwenye baa, ana jiko moja na sufuria moja kubwa, na Jumamosi anapika kitu kimoja tu. Wenye meza ndefu wanapokezana kuchagua. Leo huyu, wiki ijayo yule. Ukichagua kuku, baa nzima inakula kuku. Ukichagua maharage, ni maharage, asiyetaka arudi kwao. Mzee wangu alikuwa na zamu yake mpaka anaingia kaburini.

Sasa wamekaa, wamekubaliana, zamu ya marehemu apewe shemeji wa Dereva, yule mwenzao wa mezani. Kinyozi ametumwa kunipa taarifa. Kwa heshima, anasema.

Taarifa! Hata kuomba hakuna. Taarifa.

Nikamuuliza, huyo shemeji alimfulia marehemu soksi? Alimkanda mgongo? Koti la Mzee nimempa mwanangu. Redio nimempa mjukuu. Visu vyake vya kukatia ngozi nimempa fundi viatu mwenzake wa sokoni. Kila alichoacha yule mtu kimepita mikononi mwangu, nami ndiye niliyesema hiki huku, hiki kule. Zamu nayo ni yake. Kwa nini ipite dirishani?

Akasema, "Lakini Bibi, wewe hunywi."

Nikamwambia sijasema nitakunywa. Nimesema nitachagua. Sufuria hainywi pombe.

Kaondoka kofia mkononi. Chai kaiacha nusu. Nayo ilikuwa ya maziwa.

Jumapili, 4 Mei

Mwanangu keshasikia. Kaja na mke wake, wakabanana upande mmoja wa kochi kama mashahidi. Mama, watu watasemaje. Mama, umri huo. Mama, mtu wa heshima zako kuonekana baa.

Nikamuuliza, baba yako alikuwa mtu wa heshima au hakuwa? Akasema alikuwa. Basi aliingia mle kila Jumamosi na heshima yake alirudi nayo, tena amekula.

Mkwe naye, na kile kisauti chake cha sukari: kama ni chakula tu, si watanipikia nitakacho? Chakula! Kuku wa mkwe wangu anatoka jikoni kama alivyoingia, manyoya tu ndiyo hana. Sijawahi kumsema kwa hilo. Nilisema mara moja tu, na siku hiyo ikatokea wageni wapo.

Mjukuu wangu wa kike ndiye pekee aliyecheka. Yule aliyeninunulia daftari hili, ati niandikie hasira zangu humu nipunguze kumpigia simu akiwa kazini. Kasema, "Nenda, Bibi. Mimi nitakupeleka mpaka mlangoni." Sihitaji kupelekwa. Baa naiona nikiwa dirishani. Nimeitazama miaka yote nikimsubiri mtu atoke.

Jumatano, 7 Mei

Nimekwenda. Mchana, hakuna watu. Ukienda kupigania shamba, kwanza unalitembelea.

Viti vimepinduliwa juu ya meza. Sakafu mbichi, inanuka sabuni na bia ya jana. Meza ndefu iko ukutani karibu na dirisha, na kweli ni ndefu, na kweli ni chafu, imejaa alama za glasi kama mtu mwenye choa. Mama Kaunta alikuwa amekaa kwenye kreti anamenya viazi. Maganda mazito mno. Nikamwambia. Akacheka, akaniletea kiti.

Nikamuuliza Mzee alikuwa akichagua nini zamu yake ikifika. Nilitaka tu kujua nianzie wapi. Yule mama akamenya kiazi kizima kwanza. Akasema ya meza hubaki mezani, ndiyo sheria yao, hata yeye mwenye baa hawezi. Nikamwambia mimi nimemzika yule mtu. Kuna lipi lake nisilolijua?

Kumbe lipo.

"Boga," akasema. Boga la kuchemsha, lipondwe mpaka lilainike. Kila zamu. Wanaume wazima wale, Dereva na mabega yake yale, wote wanakula boga kwa sababu Mzee kachagua.

Boga! Mume wangu! Mimi nyumbani nakaanga nyama. Miaka yote nyama, ya kukauka vizuri, ya kutafunwa, kwa sababu mtu anayevuta uzi wa viatu kutwa nzima hawezi kula vitu vya watoto. Na alikuwa akisifu. Anachukua sahani yake, anasema anakwenda kulia barazani kwenye upepo.

Nikasema huyo siye mume wangu, umemchanganya na mtu. Mama Kaunta akaweka kisu chini. "Meno, Bibi. Ya nyuma yote yalikuwa yamekwisha, huku na huku."

Nikakichukua kile kisu, nikamenya kiazi, maganda membamba.

Barazani. Nilikuwa nikimsikia huko nje, kisu kinagonga kwenye ubao, tak, tak, tak. Nikawa nasema moyoni, huyu mtu hata akila hakumbuki kupumzika, anakata soli. Kumbe soli ni nyama yangu! Anaikata vipande kwa kisu cha ngozi, anameza vizimavizima.

Nikauliza mbona hakuniambia. Mama Kaunta akaanza kufuta mahali ambapo pameshafutwa. Ati Mzee alisema ningemtangaza.

Mimi? Mimi nimtangaze mume wangu?

Alhamisi, 8 Mei

Sijalala vizuri kwa hasira. Ukae na mtu, umzalie, umzike, halafu usikie kwa mwenye baa kwamba alikuona redio!

Nimemwambia muuza mboga. Yeye tu. Aliniuliza mbona nimevimba, ningesemaje? Na mshonaji, kwa sababu alikuwa amekaa palepale anachagua nyanya. Na yule mama aliyekuwa nyuma yetu, lakini yule hasikii vizuri, ilibidi nipaze sauti.

Huko si kutangaza. Huko ni kulalamika. Mtu aliyeonewa analalamika, ni haki yake.

Ijumaa, 9 Mei

Mwanangu kapiga simu kabla sijanawa uso. "Mama, ni kweli baba hakuwa na meno?"

Yule mama wa nyuma anasikia vizuri sana.

Jumamosi, 10 Mei

Leo nimekwenda Jumamosi yenyewe, jua bado liko juu. Nimevaa gauni la bluu na viatu alivyonishonea Mzee. Nimeingia, mazungumzo yakakatika kama uzi. Nikasalimu. Wakaitikia ndani ya glasi.

Kiti cha Mzee ni kile cha pembeni karibu na dirisha. Hakuna aliyeniambia. Nilikijua kwa mguu mmoja uliofungwa kipande cha ngozi ili kisicheze. Nikakikalia.

Dereva ndiye aliyeanza. Ana sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini, lakini leo kaishusha. Kasema, Bibi, mambo ya Mzee yamefika mpaka kituo cha mafuta. Mle ndani wote waliyajua tangu zamani, na hayakuwahi kuvuka mlango. Nikamwambia meno ni ya mume wangu, si yake. Akasema ndiyo, ya mumeo, na yeye mumeo ndiye aliyesema yabaki hapa.

Nikageuka kutafuta wa kunitetea. Kila mtu kashika glasi yake.

Chakula kikaja. Ilikuwa zamu ya Kinyozi: maharage. Nikaonja. Jamani! Maji ya kuoshea maharage yana ladha kuliko yale. Chumvi hakuna, si kidogo, hakuna kabisa. Na chupa ya chumvi iko pale dirishani, naiona, na wote wanakula, hakuna anayeinyooshea mkono. Nikadhani ni uvivu. Nikasema kwa sauti, nani kapika hivi, nipeni chumvi.

Vijiko vikasimama.

Kinyozi alikuwa anatazama bakuli lake. Nimemjua tangu ananyoa kwa mkasi wa kuazima, sijapata kumwona anatazama hivyo. Akainuka, akaja kuinama karibu yangu. Ana presha. Daktari kamwambia aache chumvi. Mkewe hajui. Baba yake mkewe aliondoka na presha, alianguka mbele yake mezani, na mwanamke yule akisikia hilo neno tu hatalala tena, atafunga kibanda cha kunyolea, atamlaza mume kitandani kama mgonjwa wa kufa. Kwa hiyo nyumbani anakula kama kawaida. Hapa, zamu yake ikifika, anapumzika.

Nikamuuliza, na siku nyingine zote?

Akasema, "Nimekwambia mimi mwenyewe, Bibi. Sasa ni la meza."

Dereva akamalizia. Zamu ya Mzee ni yangu, wamekubali, shemeji yake atasubiri. Lakini hili la Kinyozi likitoka, nami nimetoka. Hapa mtu anachagua kile asichoweza kuomba kwao, wala haulizwi kwa nini. Ndiyo meza yenyewe. Bila hivyo ni mbao tu.

Nimekula yale maharage mpaka mwisho. Mabaya kuliko ugonjwa.

Jumapili, 11 Mei

Nimefagia nyumba yote. Nimefua mapazia yaliyokuwa safi. Nimesugua sufuria mpaka mkono umekufa ganzi.

Mshonaji kapita, kaniuliza ya baa. Nilihisi maneno yananijaa mdomoni kama maji ya moto. Nikamwambia pindo la sketi yake limepinda. Kaondoka amenuna. Afadhali.

Wanaume hawa! Mmoja anameza nyama bila kutafuna, mwingine anakula chumvi inayomuua, na wote wanatabasamu: kitamu, mama, kitamu. Wako radhi wafe kuliko kusemwa. Kwani kusemwa kuna nini? Mimi nimesemwa na mama mkwe wangu mpaka nikazeeka, nipo hapa.

Na huyu Kinyozi ana ujanja. Kaniwekea jiwe mdomoni, kisha kasema ni heshima.

Jumatano, 14 Mei

Mwanangu kauliza kama ni kweli nimekula baa. Nikamwambia ndiyo. Kulikuwa na nini? Maharage. Yalikuwaje?

Nikasema mazuri.

Mazuri! Mimi! Kwa maharage yale! Mkwe wangu akanitazama kama nimeshikwa na homa.

Jumamosi, 17 Mei

Zamu yangu.

Tangu asubuhi nilikuwa nazunguka humu ndani. Nichague nini? Mtu anaweza kudhani ni jambo dogo. Mimi nimepika maisha yangu yote na sijawahi kuchagua. Nilipika alichopenda baba, kisha alichopenda mume, au alichodai kupenda, mnafiki yule, kisha walichokubali watoto. Nikikaa kujiuliza mwenyewe unataka nini, kichwa kinakuwa cheupe kama shuka.

Boga hapana. Najua walilitegemea. Nilipoingia baa nimeona Mama Kaunta ameshaweka moja kubwa kaunta, kalifuta vumbi, kama ananisaidia. Watoke machozi, waseme Bibi kamkumbuka. Boga sili, sijawahi kulipenda, na kama yeye alilipenda angeniambia ningelipika huku napiga kelele, kisha ningenyamaza. Huwa nanyamaza mwishoni. Hakunipa nafasi ya kufika mwishoni.

Kuku hapana, nina kuku wa mkwe. Samaki wana miiba, na nusu ya meza ile haioni vizuri. Wali, sawa, wali ni wali.

Mama Kaunta kaja na kitambaa begani. Wote wamenigeukia. "Haya, Bibi. Zamu yako. Tupike nini?"

Nikasema nyama. Nyama ya kukaanga.

Dereva akatabasamu. Nikamwambia subiri, sijamaliza. Ikatwe ndogondogo, ndogo kama kucha ya kidole gumba, asiyetaka kutafuna asitafune. Na chumvi isiingie kwenye sufuria. Iwekwe mezani, kila mtu ajitilie mwenyewe.

Mama Kaunta alinitazama kidogo. Kisha akaenda jikoni. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Nilimsikia akikata. Tak, tak, tak. Nikatazama nje ya dirisha, nyumba yangu ile pale, mlango umefungwa, hakuna anayesubiri.

Nyama yenyewe kaiharibu. Mafuta hayakupata moto, ikachemka badala ya kukaangika. Nikasema, na nikasema kwa sauti, na hilo hakuna aliyenikataza. Kinyozi alikula bakuli mbili. Chupa ya chumvi ilipomfikia akaipitisha kwa jirani yake bila kusimama, kama mtu anayepisha njia. Alipoondoka aliweka kofia kichwani kisha akaivua tena. Akasema, "Asante kwa chakula, Bibi."

Nikamwambia ashukuriwe mwenye jiko. Aende zake.

Jumatatu, 19 Mei

Mke wa Kinyozi yuko sebuleni.

Naandika haraka. Nimemwambia naingia chumbani kutafuta miwani, nimwangalizie dawa aliyokuja nayo. Kaikuta kwenye mfuko wa suruali ya mumewe alipokuwa akifua. Pakiti tupu, imelowa, maandishi nusu. Kaja moja kwa moja kwangu, mikono bado ina povu. Kasema kaja kwangu kwa sababu mimi siyo mtu wa kuficha. Mtaa mzima unajua. Wengine watamzungusha, Bibi atasema.

Miaka yote hii nilikuwa nangoja mtu anisifu mdomo wangu. Kaja leo!

Kasema siku hizi mumewe kichwa kinamuuma, juzi kakaa chini katikati ya kunyoa, mteja nusu kichwa. Anakunywa maji mengi. Akimuuliza, anasema chakula kitamu, mama. Kwa hiyo yeye anazidisha viungo, anazidisha chumvi, amfurahishe. Kanihesabia kwa vidole anavyomwekea. Nikahisi damu inanipanda mimi.

Kisha akaniuliza. "Mume wangu anachagua nini pale mezani?"

Nikasema vyakula. Hata mjinga angejua hilo si jibu. Nikasema wanapokezana, mambo ya wanaume. Akasema lakini wewe umo. Ndiyo, nimo.

Akapangusa povu kwenye gauni. Akasema polepole, "Bibi, habari za meno ya Mzee tulizisikia wote. Ulivyolia nazo pale sokoni. Wewe mwenyewe, usingependa kuambiwa mapema?"

Nani kamfundisha kuuliza hivyo? Sikuwa nalia. Nilikuwa nalalamika.

Nimeinuka nikaja huku. Nimekaa kitandani upande wa Mzee, kwa sababu upande wangu umejaa nguo za kukunja. Namkasirikia Kinyozi, mwoga yule. Namkasirikia Dereva na sheria zake za mbao. Nakukasirikia wewe, unayelala huko ardhini na siri zako, umeniachia zamu kama mtu anayeacha ufunguo bila kusema wa mlango gani. Nikisema, nimekuwa yuleyule uliyemwogopa. Nisiposema, mwanamke yule ataendelea kutia chumvi kwa upendo mpaka atakapomwokota mtu sakafuni.

Na akimwokota, atakuja tena hapa. Atanitazama.

Ningemwita Kinyozi mwenyewe aje aseme kwa kinywa chake. Lakini saa hizi ana wateja, na huyu hatoki. Namsikia. Kiti kimelia. Kasimama.

Ananiita. Anauliza kama nimeiona.

Nimesema bado natafuta.

Anasema, "Bibi, miwani si umeivaa? Uliingia nayo puani."

Ninayo. Naandika nayo.

Anakuja. Kandambili zake zimelowa, zinalia kwenye sakafu. Karibu mlangoni. Mdomo wangu huu, kila siku uko mbele yangu, leo hata mate hauna. Kagonga. Nimesema ingia